Haki Isiyodaiwa

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri. Alivua ndala mlangoni, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu aliyekalia cha wenyewe. Binti wa miaka 27, mama wa watoto wawili, mumewe mvuvi wa hapa hapa Tanga. Tulizungumza habari za watoto, bei ya unga, mvua zilizochelewa. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa vifuko vitatu vya nailoni na kuvipanga mbele yangu: shabu iliyosagwa, unga wa kahawia ambao muuzaji hakumtajia jina, na vidonge vinne visivyo na kasha wala maandishi. Shilingi 35,000 zilikuwa zimekwenda hapo, fedha za upatu aliokuwa ameusubiri miezi minane.

"Za nini hizi, mwanangu?"

Alitazama vidole vyake. "Somo, miaka sita ya ndoa sijafika hata siku moja. Mume wangu hajui, namfanyia kama nimefika. Nimeambiwa hizi zitanisaidia. Lakini nataka kukuuliza. Nikimwambia kweli, nikamtaka anitafutie na mimi raha yangu, nitakuwa nimemkosea adabu? Na kwa Mungu je, ni dhambi?"

Vile vifuko nilijua cha kuvifanyia. Swali la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu mimi mwenyewe nililibeba miaka 14 bila kupata wa kumwuliza.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, nimepita miaka 60. Nimezalisha kwa miaka 34, na tangu nilipofika umri wa kuaminiwa wari, nimekuwa somo. Kazi hizi mbili watu huziona ziko mbalimbali, moja ya wodini na nyingine ya ndani ya nyumba, lakini mwili ni ule ule na haya ni ile ile. Mwanamke anayenionyesha mshono wake wa uzazi bila kusita, nikimwuliza kama anapata raha na mumewe, hugeukia ukutani.

Nilichezwa unyago mwaka 1982. Nilikaa ndani siku saba, nikasingwa liwa, nikafundwa. Nilifundwa kiuno, shanga, udi na usafi. Namna ya kumpokea mume akitoka kazini na namna ya kumpangusa baada ya tendo. Nilifundwa hata sauti za kutoa na wakati wa kuzitoa. Siwalaumu walionifunda. Unyago ulikuwa, na kwa wengi bado ni, mahali pekee ambapo mwili wa mwanamke hutajwa bila matusi. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwetu heshima yake nyingine ilikuwa ngoma ya unyago na ile kazi ya kuwafunda wari mambo ya unyumba bila kumumunya maneno. Mafunzo yangu mimi, hata hivyo, yalikuwa na pengo. Nilijua namna ya kumfikisha mwenzangu. Kama na mimi nilikuwa na mahali pa kufika, hakuna aliyenidokeza. Nilipewa sauti kabla ya kupewa kitu chenyewe.

Nilipoingia chuo cha uuguzi nilitaraji kitabu kitaliziba pengo hilo. Mchoro wa via vya uzazi ulionyesha kizazi, mirija, mifuko ya mayai, kila kimoja na mshale wake na jina lake. Kinembe kilipewa nusu mstari, na hatukuulizwa habari zake katika mtihani wowote.

Nianze na la dhambi, maana ndilo linalofunga mengine yote. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani huijua, tangu hajaolewa, hadithi ya mke anayemnyima mumewe kitanda na malaika wakamlaani mpaka kukapambazuka. Husomewa siku ya kufundwa na kukumbushwa siku ya harusi. Huingia chumbani analijua deni lake vizuri. Deni la mwenzake hakusomewa.

Siku moja nilikwenda kwa sheikh mzee wa huku kwetu Ngamiani, aliyenisomesha juzuu nikiwa mdogo. Nilimwuliza nikiwa nimejifunika nusu ya uso. Hakushtuka. Alinyanyuka, akatafuta Ihyaa ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akafungua mlango wa adabu za ndoa. Alinisomea Kiarabu chake, kisha akanifasiria polepole: kwamba mume akishatimiza haja yake asimharakishe mkewe, amngojee mpaka naye atimize yake, kwa kuwa ya mke huenda ikachelewa, na kumwacha njiani ni kumuudhi. Na kwamba mume asikae kungoja aambiwe, kwani huenda mke akaona haya. Nilikaa kimya nikitazama kurasa zile za manjano. Miaka zaidi ya 900 iliyopita, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi alikuwa ameiona haya yangu, na mzigo wake akautwika mume.

Sheikh akaendelea. Ibn Qudama wa Damascus, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 1223, aliandika kwamba inapendeza mume amchezee mkewe kabla ya tendo ili naye matamanio yake yaamke, na kwamba ni karaha mume ajitoe akiwa amemaliza naye mke bado. Wengi katika Wahanafi, Wamaliki na Wahanbali walisema mume asimwage nje bila idhini ya mkewe, na miongoni mwa sababu walizozitaja, pamoja na haki ya kupata mtoto, ni haki yake ya kustarehe. "Hayo yote yamo vitabuni," alisema sheikh. "Tatizo ni kwamba darasa za wanawake zinafundisha mlango mmoja, na darasa za wanaume hazifundishi hata huo."

Habari iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ya Ummu Sulaym, mama yake Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikwenda kwa Mtume, akatanguliza kusema kwamba Mungu haionei haya haki, kisha akauliza kama mwanamke akiota kama wanavyoota wanaume inampasa kuoga. Ummu Salama, mke wa Mtume, aliona haya kwa ajili yake. Mtume hakumkemea. Alimjibu kwamba ndiyo, akiona maji, ataoga. Tazama kilichomo ndani ya jibu hilo. Raha ya mwanamke, hata ile inayomjia usingizini bila mume wala mtoto wa kuzaa, ina hukumu yake katika fikihi na ina josho lake, sawasawa na ya mwanamume. Kitu kisichokuwepo hakitolewi hukumu. Na Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya yao haikuwazuia kujifunza dini yao.

Jirani yangu Mkristo, mke wa mwinjilisti, nilipomsimulia alinifungulia waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 7, akanionyesha kwamba hata huko haki ya unyumba imeandikwa pande mbili: mume kwa mke, na mke kwa mume. Naye alikuwa ameolewa miaka 22 bila kuhubiriwa upande wa pili.

Basi kuuliza si dhambi, na kutaka si dhambi. Nilipomaliza kumwambia hivyo yule binti, alipumua kama mtu aliyetua ndoo. Lakini nilikuwa bado na neno, na neno hilo lilihitaji nitoe la kwangu.

Kwanza niseme ninachojizuia. Tumekatazwa kutoa nje siri za chumbani, na katazo hilo nalishika. Marehemu mume wangu, kabla maradhi hayajamzidi, aliniruhusu niwasimulie wanaohitaji jambo moja tu. Ni hilo moja nitakalolisema.

Tulioana mwaka 1983. Alikuwa fundi seremala, mtu mwema, mikono yake ikinukia vumbi la mvule hata baada ya kuoga. Kwa miaka 14 nilitoa zile sauti nilizofundwa, na nilizitoa vizuri. Yeye alilala akiamini amenifurahisha. Mimi nilibaki macho. Sikumchukia. Ila kila nilipofanya hivyo nilimwona amekaa mbali kidogo kuliko jana, na aliyemsogeza mbali nilikuwa mimi.

Mwishoni mwa mwaka 1997, zile mvua kubwa za El Nino zikipiga mabati kiasi kwamba watoto chumba cha pili wasingesikia hata mtu akipiga kelele, nilimwambia. "Baba Salima, miaka yote hii sijafika. Nilikuwa nakufanyia tu."

Hakunijibu. Aliinuka akaenda kukaa barazani, mvua ikimrushia maji miguuni, mpaka alfajiri. Siku tisa hakunigusa wala hakunikaripia. Alikula, alikwenda karakana, alirudi. Siku ya kumi baada ya isha alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Kushindwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nimeishi miaka 14 na mwanamke nisiyemjua. Basi nifundishe."

Nikalia, kwa sababu sikuwa na cha kumfundisha. Na mimi nilikuwa simjui mwanamke huyo. Tulianza pamoja, kama watoto wawili wa chuoni wanaoshika alifu. Yaliyofuata ni yetu.

Tangu hapo nimeliwazia sana neno haya. Tulilelewa tukiambiwa kwamba haya ni sehemu ya imani, na mimi naamini hivyo mpaka leo. Lakini haya hufunika kilichopo, na zile sauti zangu zilionyesha kisichokuwepo. Hayo ni mambo mawili tofauti, nami miaka 14 niliyaita kwa jina moja. Mwanamke anayejifanya kwa mumewe anamtunuku kitu kisicho chake, naye mume anashukuru kwa kitu asichopewa. Wote wawili wamedhulumiwa, na hakuna aliyekusudia kudhulumu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Raha nayo ni vivyo hivyo.

Simshauri kila mwanamke akaseme usiku huohuo. Mwenye mume mwepesi wa mkono, usalama wake unatangulia, na maneno haya atafute kwanza mtu wa kuyasikia mahali penye amani. Na wengi wenye waume wema wanaweza kuanza kwa kuuchukua mkono wa mwenzao na kuuweka mahali, bila kutaja miaka iliyopita.

Sasa mwili wenyewe, maana nia njema bila maarifa haiendi mbali. Mwaka 1998 daktari bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo huko Melbourne, Australia, Helen O'Connell, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa miili ya wanawake waliofariki. Ulionyesha kwamba ile punje tunayoiona ni ncha tu ya kinembe. Ndani kina shina, kina miguu miwili inayoambaa mifupa ya nyonga, na mafungu mawili ya nyama yanayojaa damu kandokando ya mlango wa uke. Mjerumani Georg Ludwig Kobelt alikuwa ameyachora hayo mwaka 1844, vitabu vikayaacha. Katikati hapo Sigmund Freud alifundisha, katika maandishi yake ya mwaka 1905, kwamba msichana akikomaa raha yake huhama kutoka kinembeni kwenda ukeni. Halikuwa na ushahidi wa mwili, lakini fundisho hilo lilisafiri mbali, na nadhani harufu yake ilikifikia hata kile kitabu chetu cha chuo.

Kinachojulikana leo ni kwamba wanawake wengi hawafiki kwa kuingiliwa peke yake. Hawana kasoro. Sehemu ambayo kwao ndiyo mlango haikubishwa hodi. Kwa hiyo mwanamke akiniambia, "Somo, hanifikishi," namwuliza kwanza kama anaandaliwa, na kwa muda gani, na wapi. Mara nyingi tatizo linaishia hapo: dakika tatu, taa imezimwa, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Kisha nauliza wanalala wapi. Mama mmoja alikuja kwangu mara nne kabla sijawaza kuuliza hilo. Walikuwa wamepanga chumba kimoja, watoto watatu nyuma ya pazia, mkubwa ana miaka tisa. Usiku mzima sikio lake lilikuwa upande wa pili wa pazia. Mwili unaosikiliza mlango hauwezi kujisikiliza wenyewe. Huyo sikumpa dawa yoyote. Tulipanga siku za watoto kulala kwa bibi yao.

Wapo ambao chanzo ni ugonjwa au tiba. Mama wa miaka 52, kisukari kimemkaa miaka 11, alidhani mumewe amerogwa ili yeye apoteze hisia. Kisukari kisipodhibitiwa huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na sehemu za siri nazo zina mishipa. Mwingine alipoteza mtoto, akapatwa na sonona, akapewa dawa za kundi la fluoksetini. Zilimrudishia usingizi na hamu ya kula, zikamwondolea kilele, maana dawa za kundi hilo hufanya hivyo kwa watu wengi. Aliziacha mwenyewe bila kumwambia mtu, na ndani ya wiki chache giza likamrudia. Nilimshika mkono tukaenda wote kwa daktari, akabadilishiwa dawa. Dawa hizo hazikatwi kienyeji. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kutafuta aina nyingine, ili mradi aambiwe, na hataambiwa na mgonjwa anayeona haya.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, uke huwa mkavu na tendo huuma. Kilainishi cha maji husaidia, na daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka. Mafuta ya nazi wengi wanayapenda, ila yasichanganywe na kondomu, huipasua. Wapo waliochanika wakati wa kujifungua na mshono ukapona vibaya. Wapo ambao uke hujikaza wenyewe kwa hofu. Wapo waliobakwa wakiwa wadogo, na mwili umekataa kusahau. Hawa wanahitaji tabibu au mshauri mwenye ujuzi, na maumivu hayapaswi kuvumiliwa kwa jina la utii.

Na wapo waliokeketwa. Sheria ya Tanzania imekataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini kuna wanawake wazima wanaotembea na jeraha hilo. Mmoja, aliyeolewa hapa akitoka Singida, aliniuliza kama kwake yeye habari imekwisha. Nilimchorea kwenye karatasi kile alichokionyesha O'Connell, miguu na mafungu yaliyobaki ndani, ambayo wembe haukuyafikia. Sikumwahidi kitu, kwa kuwa kovu na maumivu hutofautiana. Alikunja karatasi ile ndogo mara nne akaitia kwenye sidiria.

Tiba ninayoitumia zaidi haigharimu fedha. Mwari wangu nampa kioo kidogo cha mkononi, naye hujitazama akiwa peke yake, ajue kilicho chake. Wataalamu hupendekeza pia mwanamke ajichunguze kwa mkono wake mwenyewe mpaka ajue kinachomfaa. Kwa sisi Washafi kujistarehesha kwa mkono hakuruhusiwi, nami nililiuliza hilo, nikajibiwa kwamba mkono wa mume hauna katazo, na kujijua si kujistarehesha. Basi wafanye wote wawili, mke na mume. William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 1970, waliwafundisha wanandoa zoezi la kugusana kwa zamu siku kadhaa huku tendo lenyewe likiwa limewekwa kando kabisa, ili kila mmoja ajifunze ngozi ya mwenzake bila kukimbilia popote. Mpaka leo washauri wanalitumia. Nimelifundisha kwa watu wengi, na sehemu ngumu kwao huwa ni lile sharti la kutokimbilia.

Nilipoyaita haya yote haki ya mke, alinipinga rafiki yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, mwanamke mwenye akili kali. "Unasema ni haki," aliniambia. "Haki ni kitu kinacholipika. Mahari hulipwa. Nafaka na nguo hupimwa. Wake wengi hugawiwa usiku kwa hesabu. Kilele hakilipiki. Mume anaweza kufanya kila kitu na mke asifike. Utampeleka kwa kadhi?"

Alikuwa na hoja, na ilinichukua siku kadhaa. Jibu lilinijia nikiwa kwenye msala. Ni nani anayeweza kujiamuru kupata khushui, ule unyenyekevu wa moyo, katika sala? Ukiikimbiza inakukimbia. Ukijiuliza kila rakaa kama umeipata, umeikosa. Hata hivyo dini haikusema kwamba kwa kuwa khushui haiamriwi basi haituhusu. Ilituwekea njia yake: udhu, mahali pa utulivu, kutosali chakula kikiwa kimetengwa na njaa inauma, kuondoa kinachoshughulisha macho. Tunalodaiwa ni kuandaa njia na kuwepo kwa moyo. Kinachoshuka ni cha Mwenyewe.

Nikamrudia rafiki yangu na hilo. Mke hana haki ya kudai matokeo, kwa sababu matokeo hayamo mkononi mwa mtu. Ana haki ya njia: muda, subira, kuulizwa, kusikilizwa, kutibiwa anapoumwa. Hizo zinalipika, na mume anaweza kuulizwa juu yake hapa na huko mbele. Na mke naye ana lake la kulipa, nalo ni kweli. Mume atasubiri nini, kama kila usiku anaambiwa kwamba safari imeshafika?

Rafiki yangu alifikiri, kisha akasema nisilinganishe sala na kitanda. Nikamkumbusha hadithi ya Abu Dharr katika Muslim, ambamo masahaba wenyewe walishangaa kuambiwa kwamba tendo la halali la mume na mke lina thawabu ya sadaka. Sadaka, nikamwambia, haitolewi kwa mkono mmoja ikapokelewa kwa sauti ya kuigiza.

Nalisema hili la njia na matokeo kwa sababu nyingine pia. Siku hizi wanakuja kwangu wasichana waliofundwa na simu. Wameambiwa asiyefika kila mara ni mbovu. Wana waume wanaowauliza katikati ya tendo, "Bado? Bado?" Hao nao huishia kuigiza, kwa woga mwingine. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2013, hawaliiti jambo hili ugonjwa mpaka liwe limedumu kama miezi sita na liwe linamsumbua mwanamke mwenyewe. Maneno hayo mawili ya mwisho nayapenda. Yupo mke ambaye kufika kwake ni mara chache, na ukaribu unamtosha, na moyo wake umetulia. Huyo hana deni kwa mtu yeyote, na hakuna wa kumtafutia maradhi.

Kuhusu vile vifuko vitatu. Unga na shabu nilivimwaga chooni mbele yake. Shabu hukausha na kubana, na uke uliokaushwa huchubuka. Michubuko ni njia ya maambukizi, VVU vikiwemo. Vidonge nilimwambia asimeze asichokijua jina. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kumfikisha mwanamke, anayeuza chenye ahadi hiyo anauza ahadi. Nilimchunguza, nikakuta michubuko tayari, nikamwandikia aende zahanati. Nikampa kioo. Nikamwambia kwamba kwa Mungu hana kosa la kuuliza, na kwa mumewe adabu ni kumwambia kweli kwa ulimi mzuri, akimwalika, asimhukumu. "Hajakunyima," nilimwambia. "Hajaombwa."

Alikunja kanga yake, pindo likiwa tupu. Mlangoni aligeuka. "Na akikasirika?"

"Wangu alikaa barazani mpaka alfajiri, na siku tisa hakunigusa," nilisema.

Wiki tano zilipita. Jumapili moja asubuhi nilisikia hodi ya mwanamume. Nje alisimama kijana mpana wa mabega, kofia mkononi, kikapu cha ukindu chenye changu wawili kikining'inia kwenye mkono mwingine. Macho yake yalikuwa chini, kwenye kizingiti.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, baba."

"Nimetumwa na mama watoto. Amesema kuna mambo hawezi kunieleza akamaliza. Amesema nije nisikilize mwenyewe."

Nilipokea kikapu nikampa mjukuu wangu akapeleke jikoni, nikamwambia asirudi mpaka nimwite. Kijana alivua ndala pale pale mkewe alipozivua, akakaa ukingoni mwa mkeka, magoti pamoja. Nikachukua karatasi na kalamu. Nikamwambia asogee katikati, mkeka ni mpana.